Ukirudi, Mpigie Sindre Tena

Ragnhild,

Umetoka bila koti. Uji uko kwenye sufuria, na kondoo nimeshawalisha.

Mwanangu, asubuhi nilikosea. Nilikusikia ukipiga kelele mbele ya kompyuta, "Umeganda! Bado upo?" nikadhani ni mchezo tu, nikachomoa waya wa intaneti. Uliposema, "Baba, yule alikuwa Sindre!" nikaurudisha waya haraka, lakini ulikuwa umeshatoka. Tangu nimfukuze mezani, miezi saba sasa, kaka yako hapokei simu zangu. Kumbe kila Jumamosi mnacheza pamoja, na anaongea.

Nimepanda juu ya paa. Dishi la setilaiti linalotuletea intaneti halina kasoro. Ule msonobari umerefuka mno, unaziba anga upande wa kaskazini, ndiyo maana mnakatikakatika. Nimeukata. Usishtuke ukiona kisiki. Unganisha kompyuta kwa waya mrefu niliouacha kitini, usitumie Wi-Fi, na televisheni uizime isije ikala intaneti. Nimejaribu nusu saa nzima, haikukatika hata mara moja.

Mimi naenda kwa shangazi yako Oddbjørg hadi saa kumi, mzungumze bila mtu kutega sikio mlangoni. Ndiyo, huwa nasikiliza. Usicheke.

~~Mwambie arudi nyumbani.~~

~~Mwambie hakukosea kuondoka.~~

Mwambie ni mimi niliyechomoa waya, asije akadhani wewe ndiye uliyemkatia.

Baba