Vidole Vitatu vya Mohdhar

Amu, siku ya Jumatano, mwezi 10 Rajabu, mwaka 1330

Kwa ndugu yangu wa baba mmoja na mama mmoja, Bi Umulkheir binti Fadhil, Mungu akutunze huko Kiwayu pamoja na wote walio chini ya paa lako.

Nakusalimu, tena nakusalimu. Barua hii ikikufika kaa kitako kwanza, usiisome umesimama mlangoni. Je, kifua chako? Kile kikohozi cha kusi kimekwisha, au bado wajitia ushujaa wa kunywa mai baridi alfajiri? Mbuzi wako wamezaa? Mimi, alhamdulillahi, sina baya. Sabini na mbili nimetimiza, meno yangu kumi na tisa yote nimezaliwa nayo, na wiki iliyopita nilipanda darini kwa ngazi ya boriti kumwonyesha fundi mmoya jinsi chokaa inavyopigwa. Alishuka akiwa na adabu. Bi Rahima mke wangu akusalimu sana, ameniambia nikuambie nisipande ngazi tena. Nimekuambia.

Utaona mwandiko umekwenda kombo. Nimeandika kwa mkono wangu. Yule karani wa pale Langoni alitaka kuniandikia, nikamkatalia, akasema, "Bwana Gharib, wewe na kalamu ni kama paka na mai." Nikamwambia nimejenga nusu ya mji huu pasi na karani. Lakini kweli wewe waiyua, Bi Umulkheir. Kwenye chuo cha Kurani ulihitimu mbele yangu, nawe u mdogo wangu kwa miaka minne, na jambo hilo sijapata kulitamka mbele ya watu. Basi unapokwama kusoma, jua kosa ni langu.

Nakuandikia habari za mwanao. Mohdhar yu hai, ana afya, ala na kulala, usifanye hofu. Salamu nilizokupelekea kwa kinywa cha watu wa Kizingitini zilikuwa ati ameumia mkono kinuni na mambo yamekwisha kwa heshima. Salamu hizo zilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Nataka uzipate kamili.

Wakumbuka uliponipa Mohdhar nimfunze uashi. Nami nasema bila kuficha, nimewafunza vijana kumi na sita, lakini mkono kama ule sijauona, isipokuwa wangu. Akikata nakshi katika chokaa mbichi ya kidaka cha ukutani, huoni alipoanzia. Mwaka huu kazi zikawa haba, watu hawajengi, akaona aibu kukaa barazani. Akenda kwa Bwana Abdulhadi, mwenye kile kinu kipya cha kukamua mafuta ya mbata. Zamani kilikuwa kinu cha ngamia wawili, wazunguka siku nzima wamefumbwa mato. Abdulhadi akauza ngamia, akaleta mtambo wa moshi wenye gurudumu kubwa na ukanda wa ngozi mrefu kama ndia ya msikitini. Ukipita nje ukuta watetemeka. Nilimwambia Mohdhar, mtambo huo hauna mato. Akacheka, akasema, "Mjomba, hata ngamia walikuwa hawana." 

Ilikuwa mwezi wa Mfungo Nane, kiasi cha miezi miwili nyuma, baada ya adhuhuri. Ukanda ukachomoka katika gurudumu. Msimamizi wa kinu, Jeilani, ambaye ni mtu mwema ila ni mwoga wa tajiri wake, akamwambia Mohdhar aurudishe vivi hivi gurudumu likizunguka, kwa kuwa Abdulhadi amekataza mtambo kusimamishwa, ukipoa hula kuni nyingi kuwashwa tena. Mohdhar akautia mkono. Ukanda ukaushika mkono wa kulia. Vidole vitatu, cha kati, cha pete na cha mwisho, havikupatikana hata vya kuzika. Kimebaki kidole gumba na cha shahada.

Daktari wa serikali alimshona. Mwanao hakulia, Bi Umulkheir, aliniuliza tu kama chokaa aliyoacha nyumbani imefunikwa.

Siku ya tatu Abdulhadi akaja kwangu kumtazama mgonjwa. Hakuja peke yake, alikuja na wazee sita wa mji, wamevaa majoho, mbele yao sinia ya halwa na buli la kahawa, na ubani umewashwa. Nyumba yangu ilijaa mpaka daka la mlangoni. Wakamsomea fatiha. Kisha Abdulhadi akainama, akasema amekuja kutaka radhi. Nawe waiyua mila yetu, mtu akija kwako na wazee na fatiha, akainamisha kichwa, humrudishi. Mohdhar alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, homa imempanda. Nikaingia ndani, nikakaa kidogo, nikatoka, nikawaambia kuwa kijana amesema amesamehe duniani na akhera, hana dai. Wazee wakasema Allahu akbar. Mmoya wao alifuta mato. Wakasema, "Hii ndiyo nyumba ya waungwana." Nilikula halwa ile kwa furaha.

Homa ikatoka, mkono ukafunga jeraha. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Mohdhar hawezi kushika mwiko wa chokaa. Hawezi kukata nakshi. Sinia ikiwekwa, hawezi kutonga wali kwa vidole viwili, na kula kwa mkono wa kushoto amekataa kabisa. Nikawa mimi namlisha. Watoto wangu wa kuzaa sikupata kuwalisha hata siku moya, muulize Rahima, lakini mwanao nilimfanyia matonge madogo, nikamtolea miba ya samaki, nikamwambia fungua kinywa. Siku ya kwanza alifumba mato kwa haya. Siku ya pili akasema matonge yangu ni makubwa kama matofali. Tukacheka sote wawili.

Nikasema, la, haki ya mkono huu itatafutwa. Nikamwendea Liwali. Akanisikiliza vizuri, akasema jambo la mkono lina ndia tatu: wazee wapatanishe, au Kadhi ahukumu kwa sheria ya Mungu, au Mzungu wa bomani ahukumu kwa sheria yake. Nikataka nizijaribu zote. Bomani nilikaa siku mbili juani. Siku ya tatu Mzungu akanisikia, mkalimani akanifasiria kuwa kwa sheria yao mfanyakazi aliyeingia kazini kwa hiari, naye aiyua hatari yake, hatari hiyo ni yake, na akitaka kudai zaidi aende Mombasa kwa wakili. Nikamwambia mkalimani amfasirie kwamba hata samaki aingia wavuni kwa hiari. Mkalimani hakufasiri. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mzee, nenda zako kabla sijakusaidia kwa kulifasiri hilo."

Basi nikaenda kwa Kadhi. Hapo mambo yalikuwa mengine. Kadhi akasema vitabu viko wazi, kila kidole kina diya yake, fidia ya damu, sehemu ya kumi ya diya ya mtu mzima, ndiyo ngamia kumi, na mwenye kuamrisha jambo la hatari ana dhamana yake. Barazani wakanicheka kwa jambo hilo, wakaniuliza, "Bwana Gharib, ngamia thelathini utawafunga wapi, darini?" Nikawaambia nitawafunga milangoni kwao. Jeilani alipoitwa, nilidhani atakana. Hakukana. Alisema mbele ya tajiri wake kuwa yeye aliamrisha, kwa kuwa naye aliamrishwa. Namshukuru. Nimempelekea kanzu.

Abdulhadi hakubishana. Alisema neno moya tu, kwamba amekwisha kusamehewa mbele ya wazee sita. Na wewe waiyua sheria, aliyejeruhiwa akisamehe haki yake imeanguka, haiokotwi. Wazee wakaulizwa, wote sita wakasema kweli, tulikuwapo, tulisikia. Kadhi akawauliza mlisikia kwa nani. Wakasema kwa Bwana Gharib, yeye ndiye aliyeingia ndani akatoka na neno.

Kadhi akamgeukia Mohdhar, akamuuliza kama alisamehe. Hii, Bi Umulkheir, ilikuwa Alhamisi iliyopita, nami nilikuwa nimekaa karibu naye, bega kwa bega. Mwanao akasema siku ile alikuwa na homa, hakumbuki. Kadhi akasema asiyekumbuka aweza kukana kwa kiapo. Mohdhar akasema hapana, hawezi kuapa. Akasema, "Ikiwa mjomba wangu amesema nilisema, basi nilisema. Mjomba ana maneno mengi, lakini si mwongo."

Kadhi akasema aliyesikia kwa masikio yake ni mmoya tu, basi Jumamosi nije niape kuwa nililisikia neno kinywani mwake. Tukarudi nyumbani. Rahima akaweka sinia, wali na kamba. Nikafanya tonge, mwanao akafungua kinywa.

Sasa nakwambia lile ambalo sikuweza kumtamkia karani aliandike.

Mohdhar hakusema. Nilipoingia ndani siku ile alikuwa amelala, jasho lamtoka, na kitambaa cha jeraha kimekuwa chekundu kwa damu mkononi. Nilimwita mara moya, tena kwa sauti ya chini, nisimwamshe. Nilisimama pale muda wa kuhesabu kumi. Nje nilisikia vikombe na sauti za wakubwa wa mji katika nyumba yangu mimi, mwashi, mwana wa mwashi, nami siku zote huingia kwao kwa mlango wa nyuma nimebeba ndoo. Niliona nikitoka na kusema kijana amelala, rudini siku nyingine, watarudi na kahawa yao na hawatakuja tena. Nikatoka nikasema amesamehe. Nilitaka wasikie neno kubwa likitoka nyumbani mwangu. Nilitoa vidole vya mwanao kama mtu anayetoa tambuu. Na kwa miezi miwili sikujiona mwongo, nilijiona karimu.

Usiku ule sikumwambia. Ijumaa sikumwambia. Jumamosi nilioga, nikavaa kanzu yangu ya Idi, nikaenda. Watu walijaa, maana walisikia shauri la ngamia. Kadhi akaniambia niweke mkono juu ya msahafu. Nikasema siuweki. Nikasema kijana alikuwa amelala, hakutoa neno, neno lilikuwa langu. Kisha mmoya nyuma akasema, "Haya, leo ukuta wa Bwana Gharib umepasuka!" Wakacheka. Mzee mmoya kati ya wale sita, aliyefuta mato siku ile, hakucheka, alinitazama akatema mate nje ya mlango. Kicheko nilikivumilia.

Kadhi akaandika. Akasema msamaha ule ni batili, haki ya kijana iko pale pale. Kisha akaniambia bila ukali kuwa ushahidi wangu katika mji huu haupokelewi tena, si katika ndoa, si katika mpaka wa shamba, mpaka Mungu apendapo. Mimi niliyesimama shahidi wa ndoa za watu, hata yako, sasa siwezi kushuhudia kuwa jogoo amewika.

Abdulhadi, naye nisimnyime lake, hakutaka kuvutana. Akaomba suluhu. Kadhi akasema suluhu ataisema mwenye mkono, kwa ulimi wake. Mohdhar akasimama. Akasema ataka haki ya vidole vyake vitatu kama Kadhi atakavyoikadiria, na jambo la pili, liandikwe na kutiwa muhuri, kwamba ukanda ukichomoka gurudumu litasimamishwa kwanza, kabla ya mtu yeyote kutia mkono, kuni ziungue zisiungue. Abdulhadi akakubali. Imeandikwa. Jeilani alilia.

Tulirudi pamoja, mimi mbele na Mohdhar nyuma. Tulipofika kichochoro cha nyumbani, penye giza na ngazi za mawe, akasema, "Mjomba, angalia kidato." Basi. Tangu hapo, siku nne, hajaniambia lingine. Sinia ikiwekwa anakwenda kukaa upande wa Rahima, Rahima ndiye amlishaye. Mimi nakula upande wa pili, namtazama mtu niliyemlea akila. Sidai kitu. Hata Rahima hanisemeshi sana, lakini samaki aniwekea pande la mgongo.

Bi Umulkheir, ndugu yangu, mtoto ulinipa mimi. Nami nakuomba jambo moya. Usiniandikie umesamehe kwa kuwa mimi ni mkubwa wako na nimekuja na salamu na maneno mazuri. Tena usinipelekee neno kwa kinywa cha mtu wa Kizingitini. Ukiwa wasamehe, panda chombo uje, umtazame mkono kwanza, umfungue kitambaa mwenyewe, kisha uniambie. Na ukiwa husamehe, njoo vilevile, uniambie usoni hapa hapa ukumbini. Chumba cha juu nimekipaka chokaa mpya, kitanda kimefungwa kamba.

Wasalimie majirani wote, na mwalimu wa chuo, na yule mzee mwenye mguu mbovu, mwambie bado anidai hadithi. Rahima akupa salamu. Mohdhar hajaniagiza salamu, ila najua aziweka mwenyewe, atakupa.

Ni mimi nduguyo uliyekuwa ukimjivunia, Gharib bin Fadhil, mwashi, kwa mkono wake mwenyewe.