Mvua Yetu ni Moja

Igowole, Mufindi
Oktoba 1957

Kwako binti yangu Verediana,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuamkia kutoka huku kwenye ukungu wetu. Mmeamkaje hapo Mwanjelwa? Mkwe wangu Anyitike kifua chake kimepona, ama bado anakohoa vumbi la barabara? Sisi tumeamka, mimi na Evarista wako. Mahindi ya mwaka jana yapo darini, mbuzi yule mweusi amezaa. Nimechoka tu, mama. Si ugonjwa, ni uchovu wa mtu aliyekaa duniani siku nyingi na dunia yenyewe haitaki kutulia.

Usishangae herufi zangu kuwa kubwa kama matofali. Mtu mkubwa huandika makubwa. Wanaoandika vidogo vidogo kama mayai ya chawa ni makarani, na karani hana shamba.

Katika barua yako ya Pasaka uliniuliza mambo mawili. Mtoto anajifunza nini hapa nyumbani, na lini nitamwachia aje kwako asome shule iliyo jirani na nyumba yenu. La pili nilikujibu kwamba mguu wake, ule uliolegea kwa homa mlipokuwa mnahamia Mbeya, hauwezi safari. La kwanza sikulijibu. Leo nalijibu, Anyitike asije akafikiri mwanawe anachunga mbuzi tu.

Unajua shule ya hapa iko ng'ambo ya mto, kushuka mlima na kupanda mlima. Marehemu mama yako ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni. Alipotutoka, nikasema basi, nitamfundisha mwenyewe. Jirani yangu Philbert alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema Kalinga huyu ambaye hata sala ya Baba Yetu anaisoma kwa kukariri, leo ni mwalimu! Nilimjibu kwamba mimi nilikuwa mpima mvua wa shamba la chai, na Mzungu hakuthubutu kupanda mche kabla ya kuniuliza, Kalinga, kopo linasemaje? Yeye Philbert amepima nini maishani mwake zaidi ya kina cha kibuyu cha pombe?

Tulianza na mvua, maana ndiyo kazi yangu. Tuliweka kopo la samli uwanjani, mbali na mti na mbali na paa. Kopo likikaa chini ya mti linapima mti, halipimi mvua. Kila asubuhi Evarista alichovya kijiti na kukata alama pale kilipoloa. Mvua ilipokwisha tulikuwa na vijiti vimefungwa mafungu, fungu la kila mwezi na kamba yake, na mtoto akajionea kwa mkono wake. Mvua yetu inaanza Novemba, inakwenda, inakwenda, mpaka Mei inachoka. Nikamwambia shika hilo hata ukiamshwa usingizini. Mvua yetu ni moja.

Mianzi ilipoanza kutoa ulanzi, tuliugema pamoja. Asubuhi alionja, akasema ni mtamu kama muwa. Jioni akaonja kidogo tu, akasema unauma ulimi. Akaniuliza, Babu, nani amekula sukari? Nikamwambia ni joto. Hakuridhika. Akauchemsha mwingine ukiwa bado mtamu, akaufunika vizuri, na ule mwingine akauacha hivyo hivyo ndani ya mbeta, kile kipande cha mwanzi tunachogemea. Kesho yake ule aliouchemsha ulikuwa mtamu bado. Ule wa mbeta sikuweza kumwonyesha, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuunywa. Alinuna siku nzima. Akasema mwalimu gani anayekunywa somo?

Na maharage. Alibandika mbegu kwenye kioo cha chupa kwa kitambaa kibichi ili tuone mzizi unavyotoka. Mzizi ulipoelekea chini akaigeuza chupa kichwa chini. Mzizi ukajikunja, ukashuka tena. Akaigeuza tena, ukajikunja tena. Philbert alikuwa ameketi hapo akasema, mtoto, acha kulisumbua, hilo harage ni la ukoo wa babu yako, hata ukiligeuza vipi litakwenda linakotaka lenyewe. Walicheka wote wawili. Mimi nililichukua kuwa sifa.

Mwezi wa saba, baridi ilipouma mpaka majani ya viazi yakaungua kama yamepitiwa na moto, aliweka sahani ya maji uwanjani na nyingine chini ya upenu. Ya uwanjani iliganda juu kama kioo, ya upenuni haikuganda. Akataka kujua kwa nini, na nyumba na uwanja ni hatua chache tu. Nikamwambia paa ni blanketi. Akauliza, je, mawingu nayo ni blanketi, mbona usiku wenye mawingu viazi haviungui? Mama, jembe halijanichosha kama maswali ya mtoto huyu. Nikijibu moja, linazaa.

Sasa nisikilize vizuri. Wiki iliyopita nilimpeleka kwa Mwalimu Liberatus, kijana mpya wa shule yetu, apime mtoto anafaa darasa gani. Tulitoka alfajiri, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma nimemshika bega, tukipumzika kila penye jiwe. Nilikuwa nimebeba vijiti vyote vya mvua kama kuni. Nilitaka mwalimu aone mtu amefundishwa na nani.

Alisoma bila kukwama. Hesabu alifanya. Kisha mwalimu akamuuliza, mvua za nchi yetu ni zipi? Nikatabasamu, nikafungua kamba za vijiti. Evarista akasimama wima, akasema kwa sauti safi, mvua za nchi yetu ni mbili, masika na vuli.

Mama, niliruka kwenye benchi! Nikasema hapana, nani amemfundisha uongo huo, vuli iko wapi hapa Mufindi, mwambie atazame kopo! Vijiti vikamwagika sakafuni na watoto waliokuwa dirishani wakaangua kicheko. Mwalimu Liberatus hakunivunjia heshima. Aliinama akaniokotea vijiti, akasema shikamoo mzee wangu, nakuomba ukae, anayepimwa leo si wewe. Akasema mtoto amejibu sawasawa na kitabu, na mwezi wa kwanza anaweza kuingia darasa la tatu popote atakapopelekwa.

Tulirudi, mimi nimenuna. Tulipofika mtoni akasimama, akaniambia, Babu, najua hapa kwetu mvua ni moja, nimeikata kwa kisu changu mwenyewe. Lakini mwalimu aliniuliza kitabu kinasemaje, maana kitabu kimeandikwa na watu wa pwani na kwao ni mbili. Hakuniuliza kopo linasemaje. Angeuliza kopo, ningemjibu kopo. Kitabu chenyewe, kumbe, alikuwa amekiazima kwa wajukuu wa Philbert akakisoma chote, hapo hapo mbele yangu, jikoni, mimi nikidhani anachambua maharage.

Hapo ndipo nilipotaka kufika, na mkono umeanza kuuma.

Nilidhani alikuwa anachambua maharage kwa sababu sikuona kitabu. Sioni, Verediana. Kuna ukungu machoni ambao hauondoki jua likipanda. Herufi hizi nazifanya kubwa ili nizione. Mwaka huu vijiti vya mvua vyote amevisoma yeye, mimi nilikuwa napapasa alama kwa ukucha na kusema ndiyo, sawa, vizuri. Na watu wanaotukuta njiani husema, tazameni Mzee Kalinga anavyomtegemeza mjukuu wake mwenye mguu mbovu. Nami huwaacha waseme. Ule mkono begani si wa kumshika asianguke. Ni wa kunionyesha jiwe lilipo na shimo lilipo.

Mguu wake unaweza safari. Umepata nguvu tangu kabla ya Pasaka, anapanda mpaka kwenye mianzi. Asiyeweza safari hiyo ni mimi. Yeye hajui kwamba ulimwita, sikumsomea barua yako, na hii naiandika akiwa kisimani.

Njoo umchukue kabla mvua haijaharibu barabara. Lakini nakuonya, ukifika hapa nitakataa. Nitasema mguu, nitasema baridi ya Mbeya, nitasema shule za mjini zinafundisha vuli. Nitapiga kelele, unanijua. Usinisikilize. Nisalimie kwa adabu, kula ugali, fungasha nguo zake, mwondoke. Na barua hii usinitolee mbele ya Philbert, maana nitaapa kwamba huu si mwandiko wangu.

Usiniulize nitaishi na nani. Njia ya kisimani naijua kwa miguu. Philbert atakuja kunicheka kila siku, na anayekucheka kila siku amekutembelea.

Msalimie Anyitike, mwambie mwanawe ana kichwa cha ukoo wangu. Wabusu wadogo zake Evarista, waambie dada yao anakuja na atawachosha kwa maswali. Wasalimie na watu wa jumuiya yenu ya sala, waniombee.

Kopo nimeliacha pale pale uwanjani. Mvua ikianza nitalipima kwa kidole.

Ni mimi baba yako,
Kalinga, mpima mvua