Mrija wa Baba

Nyasho, Musoma
3 Mei 2023

Shangazi Scholastika,

Shikamoo, na Bwana asifiwe. Mguu uliovunjika unaendeleaje? Sisi wazima, mchumba wangu Danford anakusalimu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii vizuri tena, na jambo hili sitaki ulipate kwa jirani.

Nilikwenda Butiama kumweleza baba habari za harusi. Akasema atanibariki kama desturi ilivyo: anywe pombe ya mtama kwa mirija, chungu kimoja na wazee wa rika lake, kisha anitemee kifuani. Nikakataa, maana nimeokoka. Nikamsomea na Mathayo kumi, pale Yesu anaposema hakuja kuleta amani bali upanga, nikamwambia upanga huo sasa umefika hapa nyumbani kwake Mwitongo. Alitoka akaenda kwa ng'ombe wake, na sasa anasema harusini haji.

Naomba usimame wewe mahali pake.

Mwanao,
Tabitha

Bunda
9 Mei 2023

Mwanangu Tabitha,

Marahaba, na Tumsifu Yesu Kristo. Mguu unawasha balaa ndani ya plasta, lakini sina neno. Wenzangu wanachuma pamba, mimi nimekaa natoa amri, kazi niliyoitamani siku zote.

Mahali pa kaka yangu sitasimama, hata mguu ukipona. Nilipotaka kubatizwa, marehemu baba yetu aliniambia nichague kanisa au nyumba yake. Baba yako Magesa ndiye aliyenisindikiza, fimbo mkononi, akakaa nje mpaka ibada ikaisha. Akanirudisha nyumbani akamwambia baba, "Huyu ni wetu bado." Mtu asiyejua hata ishara ya msalaba! Nilimheshimu siku ile, na sijaacha.

Upanga huo upo, siukatai, ulinipata mimi kabla yako. Lakini Bwana hakusema uushike wewe umpige nao baba yako. Rudi nyuma sura ya tano uone wapatanishi wanaitwaje. Nenda ukampigie magoti. Pombe kataa, ila yeye usimkatae.

Shangazi yako

Nyasho
22 Mei 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimekwenda, nimepiga magoti, nimeomba msamaha kwa maneno yangu. Akauliza, "Na wazee wenzangu nitawaambia nini?" Akanipa kuku nirudi naye. Sijui nimesamehewa au nimefukuzwa kwa adabu.

Mwanao,
Tabitha

Nyasho
27 Juni 2023

Shangazi wangu mpendwa,

Shikamoo, na pole ya mguu. Laiti ungekuwepo Jumamosi.

Tulikuwa tumeshasimama mbele ya mchungaji. Baba akaingia kanisani, koti lake la zamani limepigwa pasi, mkononi kibuyu. Watu wakageuka. Mimi nikajua ni pombe. Akafika mbele, akamwuliza mchungaji kwa upole, "Maziwa nayo ni dhambi?" Mchungaji akacheka, akampisha. Baba akayanywa, akanitemea kifuani, akasema, "Uzae, upendwe, na njia ya kwetu usiisahau." Gauni lililoa na sikujali. Nililia mbele ya watu wote.

Nilidhani mimi ndiye mwenye imani katika familia ile. Namwona baba yangu mtu mkubwa, Shangazi, na naona haya kwamba nimechelewa kumwona.

Mwanao,
Tabitha

Bunda
15 Julai 2023

Mwanangu,

Marahaba. Plasta imetoka, nimekwenda Butiama kwa fimbo. Magesa kanikataza nisikwambie, nami ninakwambia.

Wazee wa rika lake wamemwondolea mrija wake kwenye chungu. Wanasema amembariki binti bila wao. Wao wakinywa pamoja, yeye hukaa kwake peke yake, baada ya miaka yote ile. Alijua watamtoa kabla hajakamua yale maziwa. Nilipomwuliza kama anajuta, akasema, "Nilikuwaga na mirija mingi. Binti ninaye huyu mmoja."

Upanga uliomsomea umempata yeye, mwanangu. Ameupokea ili wewe uolewe kwa amani.

Shangazi yako

Nyasho
19 Julai 2023

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikashindwa kukaa.

Jumamosi tunakwenda Mwitongo kunywa na baba. Nimepika togwa ya mtama, isiyolevya, na Danford amepata chungu na mirija minne. Mmoja ni wako, kama mguu utakubali.

Mwanao,
Tabitha wa Magesa