Siku Tatu Bila Kuanguka

Jumatatu, 3 Machi

Imeanguka tena! Saa tatu na robo, chai yangu bado ya moto. Kerneli imekata roho – na kerneli ndiyo moyo wa mashine, ikifa hiyo kila kitu kinakufa nayo. Mara ya kumi na moja hii. Wiki iliyopita ilidumu siku mbili na ushei, nikaanza kujisifu. Leo dakika kumi tu. Haina ratiba, haina adabu. Ninachojua ni kimoja: haijawahi kumaliza siku tatu.

Kosa limo kwenye draiva, ile programu inayoiendesha kadi ya mtandao. Draiva yangu, niliyoiandika mwenyewe. Na Jumatatu ijayo saa nne asubuhi mafundi wa hospitali wanakuja kuchukua sanduku, yaani mashine yenyewe. Litakuwa linapeleka mapigo ya moyo ya wagonjwa mahututi hadi mezani kwa nesi. Likianguka, skrini ya nesi inabaki tupu dakika mbili mpaka liwake upya. Dakika mbili! Fomu ya kusema liko salama inangoja sahihi yangu.

Sitii sahihi. Mpaka limalize siku tatu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeongeza mstari mmoja: kila pakiti ya data ikipita, draiva iandike "imepita" kwenye logi, daftari la mashine. Nilitaka tu kuona inaangukia wapi. Basi – haianguki! Nimeutoa mstari: chini, hata saa haikuisha. Nimeurudisha: mzima wa afya. Kama mtoto anayelia njia nzima, mkifika kwa daktari homa hana.

Bosi amekuja kuchungulia. Tunamwita Twende, maana kila kikao anakifunga kwa "haya, twende, twende." Kasema si imepona? Niuache mstari hapo hapo, nitie sahihi.

"Haijapona, bosi. Imenyamaza."

Kacheka. Acheke. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo hakitakuwa chake wala changu.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao kibaya. Twende kasema mbele ya wote kwamba nina ukaidi. Jumatatu mafundi wakiingia mlangoni na mimi sijatia sahihi, atatia yeye, na mimi nibebe mkoba wangu. Nimemjibu mkoba wangu mwepesi. Nimeshasema.

Nyumbani, mama kamwambia jirani kwamba kazini natengeneza madereva. Jirani anauliza kama naweza kumfundisha mwanawe kuendesha lori! Nimecheka mpaka machozi. Nilikuwa na haja nayo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelipata! Ngoja niandike kwa utaratibu.

Saa moja asubuhi kaka kapiga simu, ndiye angenipeleka kazini. "Nimeshafika, niko mlangoni, toka!" Nikatoka mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Hamna mtu. Nikampigia – nyuma yake nasikia maji ya bafuni. "Nimeshafika bwana, navaa shati tu."

Mama alikuwa anafagia kizingiti. "Na wewe naye! Umri wote huu hujamjua kaka yako? Akisema kafika, mpe nusu saa."

Mpe nusu saa. Nikasimama pale na kiatu changu.

Kadi! Kadi nayo inasema "nimemaliza" kabla haijamaliza! Draiva inaiamini, inachukua nafasi ya kumbukumbu ambamo kadi ilikuwa inaandika na kuipa programu nyingine. Kumbe kadi bado inaandika. Inaandika juu ya mali ya watu, kerneli chali. Na ule mstari wa logi haukuponya kitu. Ulichelewesha tu mambo, kadi ikapata muda wa kumaliza kweli. Siku mtandao ungezidiwa, muda huo usingetosha.

Ofisini nikafungua draiva ya zamani. Mstari wa kuhakikisha kadi imetulia kweli ulikuwepo. Ulifutwa miaka miwili iliyopita. Nani kaufuta? Mimi! Ili draiva iende mbio. Twende alinipigia makofi siku ile, nami nikayapokea yote. Mkuki kwa nguruwe. Wiki nzima namsema mtu kwa haraka zake, kumbe haraka iliyoua ni yangu. Nimeona aibu, aibu hasa.

Nimeurudisha. Ule wa logi nimeufuta. Saa tano kamili asubuhi nimewasha jaribio. Siku tatu zinatimia Jumatatu saa tano, na mafundi wanakuja saa nne. Pungufu saa moja!

Nimemwambia Twende yote, na la makofi. Kahesabu saa kwa vidole. Halafu: saa moja tu, nani atajua?

Mimi nitajua.

Jumapili, 9 Machi

Limefikisha saa hamsini. Lingali hai. Mlinzi kaniuliza kama nauguza, maana nakuja nakaa tu nikiliangalia. Nikamwambia ndiyo, nauguza.

Mama kaniombea asubuhi. "Mungu amfikishe salama huyo dereva wako." Nimeitikia amina.

Jumatatu, 10 Machi

Saa nne kasoro robo. Halijaanguka! Twende kaweka fomu juu ya sanduku, na kalamu juu ya fomu. Anatembea toka ukutani hadi mlangoni, toka mlangoni hadi ukutani. Nimeichukua kalamu nikaikalia. Anazo nyingine, lakini ajue.

Saa nne kamili. Simu ya Twende imelia, sauti ya fundi wa hospitali naisikia hadi huku: "Tumeshafika, tuko getini!" Twende karuka, mkono kwenye waya wa umeme wa sanduku, auchomoe. Nimeushika mkono wa bosi. Sijawahi.

"Ngoja, bosi. Chungulia kwanza."

Tumechungulia dirishani, wote wawili. Geti limefungwa. Mlinzi anasoma gazeti. Barabara yote hadi kwenye kona hamna gari.

Naandika nimesimama, mkono mmoja juu ya waya. Zimebaki dakika hamsini na tano. Twende katazama geti, katazama saa yake, katazama geti tena. Kavuta kiti. Kaketi.