Koili Niliyokuviringia, Kaka

Junda, Kisauni

Kaka yangu Mwakio,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta umekaa mahali penye mwanga, kwa sababu ndani ya kifurushi kuna vitu vidogo sana. Ukivifungulia pale karakana vitaingia kwenye takataka za randa, halafu utasema sikukutumia. Habari za nyumbani? Mama na goti lake wanaendeleaje? Maharage yamestahimili ile baridi? Mimi ni mzima wa afya. Nakula vizuri, nalala vizuri, na kusema sijaacha.

Najua utashangaa kuona barua na simu ipo. Lakini huko kwetu mtandao unashika pale juu kanisani tu, na haya ninayotaka kukueleza huwezi kuyasikiliza umesimama kwenye ngazi za kanisa huku katekista anakutazama. Yanataka usome, urudi nyuma, usome tena, kisha ujaribu kwa mikono. Mama akikuomba umsomee, msomee habari za kazi na za Bi Zuhura. Zilizobaki zisome peke yako kwanza.

Kazi inaenda vizuri. Bado niko kwenye ile hoteli ya Shanzu, ila wamenitoa kwenye mashine za kufulia wakanipeleka kupiga pasi na kushona mashuka yaliyochanika. Nakaa karibu na dirisha, sindano mkononi, na msimamizi wangu ni mama mmoja wa Kaloleni ambaye hapendi kelele lakini anapenda vichekesho, kwa hiyo tunacheka kimyakimya siku nzima. Chumba changu hapa Junda sasa kina maji ndani. Mwenye nyumba, Bi Zuhura, ni mwanamke mzima wa Mvita aliyehamia huku Kisauni zamani, na riziki yake ni kujaza mito na magodoro kwa sufi. Sufi ni ile pamba nyepesi kama manyoya inayotoka kwenye maganda ya mti wa msufi. Imeenea kila mahali. Naikuta kwenye nywele, kwenye chai, hata kwenye Biblia yangu.

Sasa nije kwako. Siku ile uliponipigia ukasema koili ya kifaa chako cha mvuke, ule waya wake wa kuviringwa, imeungua, na kwamba mjini umezunguka maduka yote hukupata inayoingia, nilikuwa nakusikiliza vizuri. Kisha ukasema kwa haraka, kama mtu anayepita na kitu chini ya koti, kwamba umevuta sigara moja tu, ya kutuliza kichwa. Ukakohoa. Nilikujibu habari za mvua, unakumbuka? Sikutaka kukugombeza kwenye simu. Ukweli ni kwamba niliogopa, kaka. Kile kikohozi nilikijua. Kilikuwa cha baba kabisa, hadi pale mwisho kinapovuta pumzi.

Kesho yake wakati wa chakula cha mchana nikaenda kwenye duka moja la simu lililo karibu na hoteli, ambalo pia linauza vepu, vile vifaa vya kuvuta mvuke badala ya moshi wa sigara. Mimi, mwimbaji wa kwaya, na sare ya hoteli mwilini! Mwenye duka anaitwa Salim, mtu wa makamo mwenye kofia ya kiua na maneno ya taratibu. Nikamwambia kaka yangu ameacha sigara kwa kutumia vepu, koili za kununua hazifiki kwetu milimani, na kila zikikosekana anarudi dukani kwa sigara.

"Basi huyo hahitaji koili," akasema. "Ahitaji kujua kuitengeneza mwenyewe. Waya na pamba tu, akaa hata mwaka. Lakini kitu cha kwanza ni kumchagulia kichwa cha mtu anayeanza. Ukimpa kigumu, siku ya pili atakitupa mtoni."

Kichwa ndicho kile kinachokaa juu ya betri, mahali waya unapopata moto na juisi, yale maji yenye nikotini, inapogeuka mvuke. Wenyewe wanakiita atomaiza, lakini Salim anasema kichwa, na mimi nimemfuata. Akanitolea vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha rangi ya dhahabu, kipana, kinachukua koili mbili kwa pamoja. Nikakipenda papo hapo. Salim akakirudisha kwenye kabati bila hata kunitazama. "Koili mbili lazima zilingane kama mapacha," akasema. "Moja ikitangulia kuwaka, kazi yote imeharibika. Hicho si cha kujifunzia."

Cha pili kilikuwa na tangi la kioo, koili moja ndani, kizuri na cha heshima, unajaza juisi asubuhi unaendelea na shughuli zako. Cha tatu kilikuwa kifupi, hakina tangi hata kidogo. Ukivua kifuniko unaona sakafu yake, nguzo mbili, skrubu mbili kubwa, na kishimo kidogo cha juisi. Unadondosha matone kwa mkono, unavuta, ukimaliza unadondosha tena. Nikasema moyoni, kaka yangu ni seremala, mikono imejaa gundi, ataweza kukaa anadondosha dondosha kama mtu anayetia dawa ya macho? Nikaamua ni cha tangi. Salim hakunibishia. Alisema tu, "Nitakuazima vyote viwili ujaribu, maana usilolijua huwezi kumfundisha mtu."

Kwa hiyo, Mwakio, dada yako amekuwa mwanafunzi. Kila wakati wa chakula nilikuwa kwenye kiti nyuma ya kaunta ya Salim, naviringa waya kwenye ncha ya kutobolea mbao, ile nyembamba ya milimita tatu, ambazo wewe unazo za kumwaga. Kuviringa hakukunisumbua, ni kama kuzungusha uzi kwenye bobini. Kilichonisumbua ni kukaza skrubu bila kukata waya. Mimi sivuti, kwa hiyo Salim ndiye aliyekuwa akionja.

Siku moja nikiwa na bisibisi mkononi, na Salim amefunikwa na wingu la mvuke lenye harufu ya embe, akaingia Mama Dama, kiongozi wa akina mama kanisani kwetu hapa Kisauni, anatafuta kifuniko cha simu. "Kumbe Wakesho!" akasema.

"Ni ya kaka yangu Mwakio," nikajibu. Na hapohapo nikasikia inavyosikika. Kila anayekamatwa na kitu husema ni cha kaka yake. Jumapili iliyofuata alituombea wote wawili kwa majina, mimi na wewe, bila kutaja kosa. Nimeipokea ile sala, nawe ipokee.

Sasa sikiliza lililonibadilisha. Nilivichukua vichwa vyote viwili kwenda navyo nyumbani nifanye zoezi, nikasahau pamba dukani. Nikatoka uani nikamuuliza Bi Zuhura kama ana pamba ya hospitali. Alikuwa amekaa mkekani, sufi imemzunguka kama mawingu.

"Pamba ya kidonda wataka ya nini?" akaniuliza. Nikamweleza, akanyoosha mkono akanipa fumba la sufi. "Twaa hii, mwanangu. Hiyo ya dukani ni takataka. Hii ni safi, laini, haina dawa. Nimeijaza mito ya maarusi, itashindwa na kikopo hicho?"

Mimi nikaona ni kweli. Ni safi, ni laini, na inatoka mtini. Nikaipenyeza ndani ya koili ya kile kichwa kifupi, ikaingia vizuri kama uzi kwenye tundu la sindano. Nikataka kufanya na kwenye cha tangi, usingizi ukanishinda. Mchana nikampelekea Salim kwa madaha, kama mtu aliyeoka keki. Akadondosha juisi, akabofya, akavuta.

Kaka, sijawahi kuona mtu mzima akikimbilia mlangoni namna ile. Alikohoa mpaka kofia ikaanguka. Alipopata sauti akauliza, "Umetia nini humu?"

"Sufi," nikasema. "Ya Bi Zuhura."

"Sufi! Wallahi dada, umenivutisha mto!"

Alipomaliza kucheka alinionyesha. Aliweka kipande cha sufi kwenye kaunta akadondoshea maji. Tone likakaa juu, mviringo, likimetameta, wala halikuingia. Akadondoshea na juisi, ikawa vilevile. Sufi haitaki kunywa. Ndiyo maana mto wa Bi Zuhura ukinyeshewa unakauka haraka. Kwa hiyo juisi yote ilikuwa imekaa chini, na juu waya mkavu ulikuwa unaunguza sufi. Inashika moto upesi, alisema, tena tumepona. Pamba inayotakiwa ni ile halisi inayofyonza, ile aliyoiita Bi Zuhura ya kidonda, bora iwe haina dawa wala manukato.

Lakini kilichonigusa hakikuwa sufi. Ni kwamba Salim alivua kifuniko, akaivuta ile sufi kwa kibanio, akawasha waya mtupu kidogo ukajisafisha, akatia pamba nyingine, matone mawili matatu, akavuta. Safi. Nilikuwa bado nimeshika mdomo kwa aibu na tayari kosa limekwisha. Nikamuuliza, "Na ingekuwa kile cha tangi?"

"Ungemwaga juisi yote, ungefungua kila kitu, ungelowa mpaka viwiko. Na pamba ikizidi kidogo yaungua, ikipungua kidogo yavuja."

Hapo nikakuona wewe. Nikakuona jioni, umetoka karakana, umechoka, kitu kimekataa, juisi imemwagikia suruali, na kioski cha sigara kiko hatua chache kutoka mlangoni kwako. Hukushindwa na sigara mwaka huu, kaka, ulishindwa na kifaa kilichokataa. Nikamwambia Salim anifungie kile kifupi. Utadondosha matone, ndiyo, na utaninung'unikia. Nung'unika. Ila utakosea mara nyingi na kila mara utarekebisha kabla hujafika mlangoni.

Basi fungua. Koili iliyomo tayari nimeiviringa mimi, mizunguko sita. Itumie huku ukijifunza kwa waya uliobaki. Unapoviringa, vuta waya ukaze, zungusha pole, mizunguko ilalane bila kupandana. Koili isiguse sakafu wala kifuniko, ielee katikati. Kaza skrubu mpaka waya usicheze, halafu acha, usikaze kama unafunga mlango wa benki. Kabla ya pamba, bofya kidogo kidogo utazame: inatakiwa ianze kuwa nyekundu katikati na kuenea pande zote. Ikiwaka upande mmoja, ngoja ipoe kwanza, kisha ipitishie ncha ya bisibisi kama mtu anayepiga gitaa. Pamba ipite ndani ya koili kwa kujivuta kidogo, isilegee wala kubanwa, na mikia yake ilale kwenye kile kishimo. Ilowanishe yote kabla ya kubofya. Hapo ndipo watu huungua.

Betri tumia ileile yako, maana ina akili, waya zikigusana inakataa kuwaka. Usiazime za vijana zisizo na akili hiyo. Na juisi iweke juu ya kabati, mbali na mtoto, akilamba ni sumu. Chupa niliyoweka ina nikotini kidogo kuliko unayotumia. Salim mwenyewe, anayeviuza, ameniambia hii si dawa, na kwamba mwisho mzuri ni kuviacha vyote viwili. Nimekubaliana naye. Lakini kwanza sigara.

Nilipomwambia Bi Zuhura habari ya sufi yake hakuona haya hata kidogo. "Kwa hivyo mto wangu hauingii maji," akasema. "Basi nitapandisha bei." Amekupelekea mto mmoja, ndio huo niliofungia vitu visivunjike. Ulalie tu, tafadhali.

Nisalimie wifi yangu Mkamburi, mkeo, umwambie najua ndiye anayevumilia zaidi, na kitenge kilichomo kifurushini ni chake. Nisalimie shangazi Mghoi, dada yake baba, na kama bado ana ugomvi na jirani juu ya mpaka wa migomba, mwambie namuunga mkono. Mbusu mtoto. Mama umwambie nitakuja Krismasi, na goti asilipandishe mlimani kwa ajili ya kuni, kuna watu wenye miguu hapo nyumbani. Mabwana na mabibi wa kwaya wote salamu, hasa wa sauti ya nne, ambao nasikia wanayumba tangu ulipoanza kukohoa.

Nimebakiza moja, nami nalisema wazi kwa kuwa niko mbali na huwezi kunikatiza. Tulimzika baba nywele zake bado nyeusi zote. Mimi ndiye niliyemchana siku ile, hakukuwa na hata unywele mmoja mweupe. Nataka nikuone una mvi, Mwakio. Nataka uzeeke mpaka utuchoshe.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Wakesho