Manowari Iliyomfuata Babu Yako

Mjukuu wangu Salma,

Salamu zako za Nizwa zimetufurahisha. Huku Sur sote wazima, alhamdulillahi, na mama yangu anakuombea. Wewe tu ndiye unayeniita babu nami bado kijana, kwa kuwa mimi ni mdogo wake babu yako Nasor.

Umeniuliza ile manowari ya Kichina ina nini. Ina makombora, helikopta na rada inayoona mbali, na kwayo China inaonyesha kuwa inaweza kulinda biashara mbali na kwao.

Mimi niliijua kwa simu. Nilikuwa karani mpya kwa wakala wa meli, na Nasor, baharia, alikuwa akipita Ghuba ya Aden wakati wa maharamia. Akanipigia: "Mudamira ya Kichina inatufuata!" Simu ikakatika. Mudamira kwa Kiarabu ni mwangamizi, na kumbe ndilo jina la aina ile ya manowari, nami sikujua. Nikamkimbilia mama, nikamwambia mwangamizi anamfuata Nasor.

Simu ikalia tena, mama akaipokea. "Nasor, inakufuateni kwa shari?"

"Inatusindikiza, mama! Mpe huyo karani wako maji anywe."

Mama akakaa chini, machozi yanamtoka. "Kumbe wana adabu, wanasindikiza watu."

Tangu siku ile, mama akimwombea Nasor huwaombea na mabaharia wale wa Kichina, nami huitikia amin.

Babu yako mdogo,
Khalfan