Mlango Aliouacha Projest

Jumapili, 13 Oktoba 2024

Tukio lipo.

Vijana wamerudi. Tangu msiba hawajakaa kwangu hapa Igogo. Wakipita njiani, shikamoo ya mbio kama wamefukuzwa na mbwa. Leo baada ya misa wamekuja. Selina mjukuu wangu, yeye analala humu humu ila kwenye meza alikuwa amehama. Jovitus fundi simu. Odeta anayesomea ualimu. Wamekaa wote, na kiti cha dirishani hakuna aliyekigusa.

Wanataka kuendelea na mchezo wa mapango. Projest ndiye alikuwa msimulizi wao. Miaka mitatu, kila Jumamosi alasiri: yeye anawaambia wako wapi na wanaona nini, wao wanasema wanafanya nini, dadu linaamua kama wamefaulu. Mimi nilianza kwa kudowea soda, maana nyumba ni yangu. Nikaishia kupewa mhusika wangu, mwizi mzee aitwaye Nyata. Nimeiba sana humo pangoni. Hata wenzangu nimewaibia.

Basi Mei aliwaacha mbele ya mlango wa mwisho, akasema tutaufungua Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo alikuwa amelazwa. Juni akafa. Selimundu. Miaka ishirini na minne. Miezi mitano wamesimama pale mlangoni!

Selina anataka wacheze ya Halowini. Ndiyo nini? Eti siku ambayo Wazungu wanachonga maboga sura na kucheza na mizimu. Nikamwambia boga kwetu linachemshwa, na mizimu hatuchezi nayo, yenyewe ndiyo inacheza na sisi. Wakacheka. Kisha Jovitus akasema, na hakuwa anacheka: "Babu, tusimulie wewe. Hakuna mwongo mwingine tunayemwamini."

Nimekubali. Miaka thelathini nimelinda kinu cha pamba kwa rungu moja na uongo mwingi. Niliwatangazia wezi kwamba nyuma ya marobota kuna mwanamke asiye na magoti. Halikuibwa hata moja. Daftari hili la zamu nililibeba siku ya kustaafu — wizi wangu pekee nje ya pango.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Hakuna tukio.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimekwenda Mabatini dukani kwa Mama Projest. Anauza vitenge. Nilitaka daftari la mtoto wake, lile la kijani. Humo ndimo yalimo mapango yote, na nyuma ya ule mlango kuna nini.

Kokulinda, ndilo jina lake, ni Mhaya wa kunyooka. Hata kwenye huzuni kitambaa cha kichwa hakipindi. Akanikaribisha kiti. Akauliza hali ya mguu wangu. Akauliza tena. Nikajua anauliza jambo jingine. Kuzika walikwenda kuzika kwao Muleba, kwenye kibanja, shamba lao la migomba, kando ya baba yake. Mimi nilituma salamu kwamba mguu hauwezi basi.

Nikasema shida yangu. Akaendelea kukunja kitenge. Akanieleza kwamba akina mama wa jumuiya wamemwambia ule mchezo ni wa mashetani, kwamba mtoto alikuwa anaita vitu asivyovijua, na vikaja. Daftari halijafunguliwa. Lipo chini ya godoro lake. Wamemshauri alichome Siku ya Marehemu Wote, baada ya misa.

Nikamwambia selimundu haikuja na daftari, ilikuja na kuzaliwa. Akasema hilo analijua, mzee, yeye ndiye aliyekesha nayo.  

Halafu akaweka kitenge chini.

"Mzee Ndalahwa. Pale mezani kwako, mwanangu alikuwa anafanya nini?"

Ningeweza kumwambia. Nikaogopa kwamba nikieleza mimi itasikika kama uongo, maana najijua. Nikamwambia njoo uone kwa macho. Tunacheza Alhamisi ya tarehe thelathini na moja.  Akaniuliza kama nataka kununua kitu au nimekuja kuzuia mwanga.

Jumapili, 20 Oktoba

Hakuna tukio. Nimetunga pango kichwani wakati wa mahubiri.

Jumatano, 23 Oktoba

Selina kaleta boga. Nimelichonga kwa kisu cha samaki. Jicho moja juu, jingine chini, meno matatu. Kama mimi. Jirani kachungulia akauliza kulikoni, nikamwambia ni picha ya kitambulisho cha taifa. Nyama ya boga tumepika. Mbegu Odeta kakaanga.

Pango limekamilika. Sina daftari lake, basi nimefanya hivi: pale mlangoni yupo mzimu. Ni mzimu wa aliyewaongoza njia. Alifia hapo hapo, hawezi kupita mpaka mmoja wa walio hai atupe dadu, mlango ufunguke. Ukifunguka, anakwenda zake. Selina nilipomsimulia alitoka nje kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Nyuma ya mlango kuna nini, sijui. Sijatunga. Sioni kama ni kazi yangu.

Jumanne, 29 Oktoba

Jovitus ana kazi nyingi dukani, Alhamisi hawezi. Tumesogeza hadi Jumamosi, tarehe mbili. Odeta ndiye aliyegundua: ni Siku ya Marehemu Wote. Wakatazamana. Nikasema maboga hayajui tarehe. Lakini nilijua. Siku hiyo hiyo daftari linachomwa.

Nimemtuma Selina Mabatini akamwambie mama yule kwamba siku imebadilika. Kasema kajibiwa "haya" na si zaidi.

Alhamisi, 31 Oktoba

Niandike, hakuna anayesoma.

Mguu haukuwa na kitu. Ule wa Juni. Ningefika Muleba hata kwa kutambaa.

Babu na mjukuu ni watani, na Projest alikuwa mjukuu wangu kwa meza. Msibani mtani ana kazi yake. Anavaa nguo ya marehemu, anaiga mwendo wake, anaiga kauli zake, anamsema kwa uchoyo na uvivu wake. Waliolia siku tatu wanacheka mara moja, wanapata nguvu ya kumeza uji. Bila hivyo msiba unabaki kooni. Nimefanya kwa wazee wangu, nimefanya kwa mke wangu mwenyewe, nikavaa gauni lake watu wakaanguka. Kwa kijana huyu niliogopa. Nilijua nitasimama mbele ya mama yake nimevaa kofia yake, na badala ya utani kitatoka kilio. Mtani anayelia ni aibu. Nikasingizia mguu.

Kofia yake ya sufu ipo hapa. Aliisahau Mei. Alikuwa anaivaa hata kwenye joto la mchana, baridi ilikuwa inamtoka ndani.

Ijumaa, 1 Novemba

Misa ya Watakatifu. Nimemwona Mama Projest kwa mbali. Hakugeuka.

Jumamosi, 2 Novemba. Saa kumi na nusu alasiri

Naandika hapa hapa mezani, daftari nimeliweka magotini kama mwanafunzi mtukutu. Tumesimamisha mchezo. Selina anamimina chai. Niandike upesi.

Tulianza saa tisa. Boga mezani, mshumaa ndani yake. Walishuka pangoni vizuri. Jovitus alipigana na mifupa, dadu likamkataa mara tatu, akalisonya. Odeta anacheza mchawi, ila nyumbani kwao akimtaja anamwita "mtaalamu". Wakafika mlangoni.

Nikainuka. Nikavaa kofia. Nikatembea kutoka jikoni hadi kiti cha dirishani kwa mwendo wake, ule wa kuchechemea siku akiumwa na hataki mtu aulize. Nikakohoa kile kikohozi chake cha kukusanya watu. Nikawaambia, kwa sauti yake, kwamba wamechelewa, kwamba kawasubiri tangu Mei, na kwamba Jovitus bado hajui kujumlisha. Selina akacheka huku anajifuta macho. Jovitus akacheka. Odeta akaacha kucheka ghafla.

Nikageuka. Mama Projest mlangoni. Kitambaa cha kichwa cheusi, katoka misani moja kwa moja. Daftari la kijani mkononi. Kibiriti juu yake.

Nikabaki na kofia ya mtoto wake kichwani. Mzee wa miaka sabini na mbili. Sikuivua. Mtani akivua katikati, amekiri kwamba alikuwa anamtukana marehemu.

Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema:

"Siyo hivyo. Mguu uliokuwa unamuuma ni wa kushoto."

Nikarudi jikoni. Nikatembea upya, wa kushoto. Akatikisa kichwa: taratibu zaidi. Nikaenda taratibu zaidi. Hapo akatoa sauti. Sijui ilikuwa kicheko. Vijana walitazama chini.

Akakaa. Daftari akalikalia, kibiriti akakiweka kando ya boga. Akasema tuendelee, aone. Selina akamweleza: hapa wapo mlangoni, huyu ni aliyewaongoza, hawezi kupita, mtu lazima atupe dadu. Akauliza: ndiyo alikuwa anafanya hivi? Kila Jumamosi? Wanakaa tu na kusemezana? Odeta akamwambia ndiyo, mama, na alikuwa hakubali mtu yeyote afe. Tukikosea alikuwa anatutafutia njia.

Mama yule akasema yeye alidhani wanapiga ramli.  Kisha akanyoosha mkono.

"Nipeni nitupe mimi."

Wakampa lile la Projest, la bluu, la pande ishirini. Kumi na kwenda juu, mlango unafunguka. Akalifunika kwa viganja viwili, kama anaomba.

Na mimi! Sikufikiri. Nimevaa kofia, nimekaa kiti chake, penseli mkononi. Nikagonga meza mara mbili, nikauliza kama alivyokuwa anatuuliza kabla ya kila hatari:

"Una uhakika?"

Uso wake ulibadilika. Akasema polepole kwamba hata nyumbani alikuwa anamuuliza hivyo. Akitaka kuongeza chumvi kwenye maharage, kijiko kinagonga sufuria mara mbili: mama, una uhakika? Alidhani ni tabia ya nyumbani. Hakujua kwamba kuna watu wengine wanaoijua.

Halafu akauliza, na hakumwuliza Selina, aliniuliza mimi, yaani alimwuliza aliyevaa kofia:

"Nikitupa, mlango ukafunguka, yeye anaondoka?"

Nimedanganya wezi. Nimedanganya mapadri. Nikasema ndiyo, anaondoka.

Akafumba dadu mkononi. Akasema basi kwanza tunywe chai, hata chai hatujanywa, mnapokeaje mgeni hivi.

Ndipo tulipo. Mshumaa umekula nusu. Daftari bado amelikalia. Kibiriti Odeta amekisogeza taratibu hadi upande wangu, mama ameona, akamwacha. Anawauliza vijana habari za mwanawe pangoni, wanamsimulia wote kwa pamoja wakikatizana, naye anarudisha nyuma: subiri, hapo alisema nini? Alisema vipi? Jovitus anajaribu kuiga sauti, anakosea, anasahihishwa.

Mimi joto linaniua humu kwenye sufu. Siivui.

Yule ni mwanamke aliyefunzwa akafunzika. Chai yake anainywa kwa mkono wa kushoto, mbele ya wakubwa na wadogo. Wa kulia haujafunguka.